Mlango Mfupi Ndio Wenye Moto

Uvumi ule ulimkuta Edvina kwenye cherehani yake pale Rubya, Muleba, pini zikiwa mdomoni na sketi ya shule mapajani, na tangu siku hiyo haukumwachia. Uliletwa na Violeth, rafiki yake wa kwaya, aliyeingia dukani kama mtu anayeulizia kitambaa.

"Bojo, tafadhali, Edvina, usinikasirikie. Wanasema Mujuni hakumzika Ta Rwegasira."

Edvina akatema pini kiganjani. "Hakumzika vipi? Ta Rwegasira ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kila kitu."

"Ndiyo maana watu wanasema. Mzee anashushwa kaburini kule Ijuganyondo, mwanafunzi wake yuko ukumbini mjini anamsifia tajiri aliyekuwa anaozesha binti. Mzee kazikwa kimya kama mtu asiye na watu."

"Wivu huo."

"Haya, wivu," akasema Violeth, akachukua mkoba wake. "Mimi nimekuletea. Ukiutupa, ukiutunza, ni wako."

Edvina aliutupa. Usiku ukarudi. Asubuhi akautupa tena, saa sita ulikuwa umekaa naye mezani.

Maana Mujuni hakuwa mtu wa kusemwa hivihivi. Alikuwa na karama. Kwa Wahaya kuna kwebuga: mwanamume husimama mbele ya wenyeji, mkuki mkononi, akajitaja yeye ni nani na ametoka wapi, kisha akampandisha mwenye nyumba kwa maneno mpaka wazee wakafuta machozi. Wengi hujaribu, wakatoa kelele tu. Mujuni akisimama, hata kuku walinyamaza. Mungu alimpa kifua, akampa kumbukumbu, akampa na sauti ya kuingia chini ya ngozi ya mtu. Lakini Mungu akigawa hasemi, "Huyu nampa akawinde wasichana." Hilo Mujuni alijiongezea mwenyewe.

Alimwona Edvina mara ya kwanza kwenye harusi ya dada yake, huko huko Rubya. Siku hiyo alimsifia baba yao, mzee Lwakatare, akamwita nguzo ya kibanja, ya nyumba na migomba yake, dume lisilofungwa kamba. Mzee Lwakatare, ambaye maishani mwake alikuwa hajawahi kuitwa dume la kitu chochote, tangu saa ile alipotea kabisa. Mujuni alipotuma ujumbe kwamba anataka kuja kuposa, mzee hakuuliza ana shamba wapi wala anasali wapi.

"Mtu anayejua kusema vile atashindwa nini?" alisema mzee.

"Kulima," akajibu mkewe, Ma Annastella, huku anamenya ndizi. "Kinywa hakipalilii migomba, Tata Edvina. Umesifiwa siku moja, unataka kulipa kwa mtoto?"

"Wewe hujui sanaa."

"Sijui. Najua kuangalia viatu. Kijana yule anakuja kibanjani na viatu vyeupe, anaruka matope kama mbuzi. Amekuja kwetu au amekuja kuonekana?"

Edvina alimkasirikia mama yake mpaka akaacha kula. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Maana Mujuni alikuwa amemwambia maneno ambayo msichana akiyasikia mara moja anaharibika masikio, mengine yote yanakuwa makapi. Alikuwa amemshika mkono nyuma ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya, akamwangalia bila kupepesa, akamwambia polepole:

"Nimepita vibanja vya watu, sikukata hata jani. Nimefika kwako nimeinama, kwa maana mlango mfupi ndio wenye moto."

Edvina aliyarudia moyoni neno kwa neno. Lakini kwa kuwa ni fundi, mtu wa kupima, aliuliza: "Mlango mfupi upi? Wa kwetu mrefu, baba ameuweka wa chuma."

Mujuni akacheka vizuri, meno yote. "Ni fumbo hilo, mpenzi. Mafumbo hayapimwi kwa futi kamba."

Naye akaridhika. Akaacha hata kwaya, kwa kuwa Mujuni alisema mazoezi ya Jumamosi yanamnyima nafasi ya kumwona. Sauti ambayo paroko alikuwa akiitegemea Pasaka na Noeli ikawa inaimba jikoni, kwa sufuria.

Sasa posa ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Edvina akaenda Bukoba kununua kitambaa cha gauni, na Mujuni alikuwa anamngoja kwenye hoteli ndogo ya chai karibu na soko, miwani nyeusi usoni japokuwa mawingu ya ziwani yalikuwa yamefunika mji mzima.

"Malkia wa Muleba," akasema, akisimama. "Mji ulikuwa giza, sasa naona."

"Vua miwani utaona zaidi," akasema Edvina. Alitaka kucheka. Alipenda hata ule ujinga wake. Lakini uvumi ulikuwa umekaa naye kwenye kiti. "Mujuni, nikuulize kitu. Ulimzika Ta Rwegasira?"

Akavua miwani, akakoroga chai. Sukari ilikuwa imeshayeyuka, akaendelea kukoroga.

"Nani amekwambia?"

"Nimekuuliza mimi."

"Nilikuwa naumwa, Edvina. Sauti ilikauka kabisa. Unajua uchungu wa kumpoteza mlezi? Nilishindwa hata kuinuka. Nililia peke yangu, kwa sababu huzuni ya kweli haitaki watu."

Aliyasema vizuri mno. Machozi yakamlenga, mkono ukaja juu ya mkono. Edvina akahisi moyo unamwendea kama kawaida yake. Angenyamaza pale, mambo yangeishia pale, na Jumamosi angeposwa. Lakini mhudumu aliyekuwa anapangusa meza ya jirani, mama mnene mwenye kanga kiunoni, akaingilia bila kuombwa:

"Eh, Mujuni! Kumbe uliumwa? Mbona mwezi ule kwenye harusi ya binti wa yule tajiri ulitupasua masikio? Mimi ndiye niliyegawa soda pale!"

"Siku tofauti, mama," akasema Mujuni haraka.

"Labda," akasema yule mama, akaendelea na meza yake. "Ila nakumbuka wageni wa Ijuganyondo walichelewa kwa sababu ya msiba."

Mujuni akavaa miwani. Edvina akasukuma kikombe pembeni. Hakupiga kelele. Wahaya wa mjini husema msichana wa Rubya hata akiungua hutafuta kwanza mahali pa kuweka chungu.

"Basi twende tukamwamkie mjane," akasema. "Mimi ndiye ninayeolewa kwako. Mlezi wako alikuwa mkwe wangu. Nitaposwaje bila kumpa pole mke wake? Ijuganyondo si hapo tu?"

"Leo? Jioni nina sherehe."

"Jioni haijafika."

Angekataa angeonekana mwongo. Na mtu wa kuonekana huogopa sana kuonekana vibaya. Akatafuta gari la kuazima, maana alisema pikipiki itamchafua kanzu, na njia nzima alizungumza na simu: wanampangia kipaza sauti gani, jioni atabadili kanzu ipi, nani atampiga picha. Neno Rwegasira halikumtoka.

Ma Georgina, mjane wa Ta Rwegasira, walimkuta uani anaanua maharage. Mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, nguo ya msiba mwilini. Nyuma ya nyumba ya bati kulikuwa na jiko la zamani, kibanda cha mviringo cha nyasi alichojenga mumewe walipooana, na mjane hakutaka kivunjwe. Edvina alikipita kwa macho, akarudi akakiangalia tena. Mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba mtu mzima asingeingia bila kuinama.

"Shikamoo Ma," akasema, akapiga goti.

"Marahaba, mwana wange. Karibuni." Mjane akampa Edvina mkono. Mujuni alipotoa wake, aliuangalia kidogo kama mtu anayeangalia samaki wa jana, kisha akaugusa kwa ncha za vidole. "Na wewe umekuja. Njia umeikumbuka?"

"Ma, nilikuwa naumwa..."

"Pole. Ulipona kwa ngoma au kwa pilau?"

Edvina akainamisha uso. Mujuni akacheka peke yake.

Wakakaa. Mjane akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa na magamba yake, akawapa. Hata adui akifika kibanjani hupewa kahawa. Kumpa si kumsamehe. Edvina akatafuna, uchungu ukamwenea mdomoni.

"Tueleze, Ma. Siku ile ilikuwaje?"

"Nikueleze nini? Padri alimaliza sala. Watu wakangoja. Kila mtu alijua Rwegasira hawezi kufukiwa bila kwebuga, yeye aliyewasemea watu wa Bukoba yote wakati wa uhai wake, na kwenye misiba hakupokea hata ndizi. Alikuwa akisema, karama ni mzigo wa Mungu mwenyewe, wewe ni punda tu, sasa punda akianza kula mzigo atafika na nini? Basi tukangoja. Kila gari likilia barabarani tunasema, ndiye huyo. Rwegasira mwenyewe kabla hajafa aliniambia, usihangaike, Mujuni atanisemea." Akasugua viganja. "Jua likaanza kushuka. Wachimba kaburi wakawa wanatazamana. Nikasema, fukieni."

Mjane akafunika kikapu cha kahawa.

Na hapo Mujuni akafanya jambo ambalo Edvina hakulisahau. Alisimama, akavuta kanzu, akasema kwa ile sauti yake nzuri: "Ma, nisamehe. Nitalipa leo. Nitamsemea mzee sasa hivi, kaburini kwake. Haki ya Mungu, mtalia."

Wakaenda kibanjani, kwenye tuta la udongo mwekundu katikati ya migomba. Uso wa mjane ulilegea kidogo. Edvina naye akaanza kusema moyoni, unaona, ni mtu, alikosea tu.

Mujuni akatoa simu, akampa Edvina. "Simama pale. Hapana, pale, mwanga uwe nyuma yako. Mkono usitikisike. Watu watataka kuiona hii."

Edvina akapokea simu. Hakujua afanye nini nayo.

"Mimi Mujuni!" akaanza, mkono juu. "Mimi Mujuni niliyelelewa na simba! Mimi Mujuni ninayeitwa ziwa likichafuka, likatulia! Mimi Mujuni, kinywa cha Bukoba..."

"Mara ngapi?" akauliza Ma Georgina.

Mujuni akakatika. "Ma?"

"Alikufundisha mtu ajitaje mara ngapi? Mara moja. Unasema wewe ni nani ili watu wajue anayeinama ni nani. Kisha unainama. Wewe umejitaja mpaka nimesahau nani amekufa."

"Ma, hiyo ni staili ya siku hizi."

"Nenda na siku zako hizi," akasema mjane. Hakupandisha sauti. Alimwangalia kama mtu anavyoangalia nguo iliyoliwa na panya, akihesabu kama inafaa hata kwa dekio. "Mimi sikutaka makubwa. Alikuwa na maneno yake madogo, ya nyumbani. Kila jioni akitoka kusemea watu, amechoka, alikuja pale jikoni kwangu, akainama mlangoni, kabla hajaingia ananiambia..." Akageuza uso upande wa jiko. "Ananiambia, 'Nimepita vibanja vya watu, sikukata hata jani.'"

"'Nimefika kwako nimeinama,'" midomo ya Edvina ikasema yenyewe, "'kwa maana mlango mfupi ndio wenye moto.'"

Ma Georgina akageuka polepole.

"Umeyajua wapi hayo, mwanangu? Hayo hakuyasema ukumbini. Aliyasema pale mlangoni, kwangu. Hapakuwa na mtu ndani ila mimi na..."

Hakumalizia. Wote wawili wakamtazama Mujuni.

Ndipo Edvina akaelewa. Mapenzi yake yote, zile siku za kutokula, ile furaha ya nyuma ya kanisa aliyoilaza naye kitandani kila usiku kama mtoto, yalikuwa ya bibi huyu. Alikuwa amevishwa nguo ya mtu mwingine, bado ina joto lake, naye akazunguka Rubya nzima anajionyesha.

"Edvina," akasema Mujuni, akimsogelea. Akavua miwani, akalegeza sauti. "Sikiliza. Maneno ni ya watu wote. Mzee alinirithisha. Nikiyasema kwako yanakuwa yako."

"Alikurithisha umsemee kaburini. Hayo ulimnyima. Haya ya mke wake hakukupa, ndiyo uliyochukua."

"Nakupenda."

"Basi sema la kwako."

"Nini?"

"Neno moja, lako mwenyewe. Si la Ta Rwegasira, si la ukumbini. Niangalie, uniambie mimi, Edvina wa Rubya. Hata likiwa baya nitalipokea."

Mungu anajua alikuwa anamwomba. Bado moyo ulikuwa unataka. Kama angesema hata "una vumbi puani", angemfuta pua, wakaondoka pamoja.

Mujuni akafungua mdomo. "Wewe ni kama..." Akaangalia migomba. "Wewe ni..." Simu ikalia mkononi mwa Edvina, na macho yake, Mungu wangu, macho yake yakaikimbilia. "Nipe, ni watu wa sherehe."

Edvina akampa. Akampa kama mtu anavyorudisha kijiko kilichookotwa chooni.

"Nenda."

"Edvina, usinifanyie hivi mbele ya mtu. Jumamosi..."

"Jumamosi usije. Mwambie mshenga asichafue viatu."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Utamu wote ukamwagika, akabaki kijana mwenye hasira na kanzu ya kuazima kama gari lake. "Unajiona nani? Mshona sketi za shule! Bila mimi utazeekea kwenye cherehani yako, hakuna atakayekuita hata kwa jina!"

Edvina akamwangalia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Asante," akasema. "Hilo ndilo la kwako mwenyewe. Nimelitambua, halina mshono wa mtu."

Ma Georgina akaachia kicheko, kimoja tu, kikavu kama ganda la kahawa. Mujuni akaondoka akiruka matope. Walimsikia barabarani anaongea na simu, sauti yake tayari imerudi kuwa nzuri.

Ndipo Edvina akalia, akiwa amekaa chini kwenye majani makavu. Mjane hakumwambia nyamaza. Alingoja, kisha akasema, "Umelia kiasi chake. Usimzidishie."

"Ma, nisamehe. Nimeyavaa maneno yako."

"Hukujua."

"Nataka kuyarudisha." Edvina akasimama, akakung'uta gauni. "Yeye alisema mtu atamsemea. Bado hajasemewa."

"Mwana wange, wanawake hatufanyi kwebuga."

"Wanaume wamepewa nafasi, wakaenda harusini."

Mjane akafikiri. Akaokota ufito uliokuwa unaegemeza mgomba, akampa badala ya mkuki.

Edvina hakuwa na maneno makubwa. Alijitaja mara moja: Edvina wa Lwakatare, wa Rubya, mshonaji. Kisha akainama, akamtaja Rwegasira, aliyesemea watu wote bila kula mzigo. Alipofika kwenye yale maneno ya mlangoni sauti haikutaka tena kusema, ikataka kuimba, ile sauti aliyokuwa ameifungia jikoni kwa ajili ya mwanamume. Akaiachia. Majirani wakaacha majembe. Mlango mfupi, aliimba, ndio wenye moto, na Ma Georgina akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaitikia kama mtu aliyeitwa na mumewe.

Jioni Edvina alimweleza baba yake yote. Mzee Lwakatare akauliza kwa aibu, "Na lile la dume lisilofungwa kamba?"

"Nalo alilisema kwa yule tajiri, Tata. Nilimpitia mama wa soda nikirudi, akanihakikishia."

Ma Annastella hakusema, "Nilikuambia." Alimpakulia binti yake ndizi za ebitoke na maharage, akamwekea kipande cha samaki kilichokuwa cha baba. Jumamosi, siku ya posa isiyokuwapo, Edvina alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Nawe binti unayesoma, kabla hujafunga ukurasa, yaepuke haya:

Mwanamume anayefika harusini kwa wakati na msibani haonekani.

Maneno matamu yasiyofanana na mlango wa kwenu.

Anayejitaja zaidi ya mara moja.

Mwenye karama anayesema "yangu" kila saa, hasemi "nimepewa".

Anayekuomba unyamazishe sauti yako ili yake isikike.

Anayetafuta mwanga wa picha juu ya kaburi.

Haraka ya baba aliyesifiwa.

Kumdharau mama kwa sababu ameangalia viatu.

Na simu yake ikilia jioni, ukiwa peke yako, ukaikumbuka sauti ile: usipokee.